Waya wa Chumbani kwa Mama

Nyumbani,
Chumba cha cherehani,
Jumapili, tarehe 14 Juni.

Mpendwa mdogo wangu, kitinda mimba wa mama,

Salamu zikufikie hapo ulipo, wewe, wifi yangu na watoto. Hamjambo wote? Baridi ya huko imelegea au bado mnalala na soksi? Yule mwanao wa kati alikuwa anakohoa siku ile tulipozungumza, na kabla sijauliza mmempa nini laini ikakatika, nikabaki nimekodolea kompyuta macho kama mtu aliyeachwa na basi. Natumaini ameshapona.

Sisi huku tunamshukuru Mungu. Mama hajambo. Anakula, analala, anagombana na redio. Magoti ndiyo yanamkorofisha asubuhi mpaka yapate joto. Na mimi nipo, ukiacha huu mgongo wa mshonaji ambao dawa yake ni kuacha kushona, na nikiacha kushona tutakula vifungo.

Najua utashangaa kupata barua ya karatasi kutoka kwangu. Ningeweza kukupigia, lakini kuta za nyumba hii, zinazozuia mtandao wa watu, hazijawahi kuzuia masikio ya mama. Halafu barua ina uzuri wake: haina waya wa kuchomoa. Nikianza kusema utanisikia mpaka mwisho, upende usipende.

Basi nianze na la moyoni ndipo nije kwenye mtandao. Mdogo wangu, nakuonea wivu. Haya, nimelitoa, lisije likanikaba. Siyo wivu wa nyumba yako wala gari lako. Hivyo nakuombea Mungu akuzidishie. Wivu wangu ni wa Jumapili saa kumi.

Wewe hujui yanayotokea hapa kabla uso wako haujatokea kwenye kioo. Mama huanza kujiandaa tangu mchana. Anaoga, anajipaka mafuta mpaka kwenye viwiko, anavaa lile gauni la bluu lenye kola ya lesi. Gauni hilo nimelishona mimi. Nilimpima nikiwa nimepiga magoti, nikaifumua kola mara mbili kwa sababu alisema inamkaba, na siku niliyomkabidhi aliniambia, "Ahsante, litundike hapo." Mara ya kwanza kulivaa, alilivaa kwa ajili yako. Mimi mshonaji nililiona kupitia mlango uliokuwa unafungwa.

Maana mlango hufungwa. "Nataka kuongea na mwanangu," anasema, utadhani mimi niliokotwa. Kisha navisikia vicheko. Mama ana kicheko chake cha Jumapili, kile kinachoanzia puani kikaishia kwenye kikohozi. Siku za kazi hakipo. Wewe unaitwa "baba", "baba'ngu", "roho yangu". Mimi naitwa "We!" We, chai imepoa. We, hiyo cherehani haichoki? Wazee wanasema asiyekuwepo na lake halipo. Uongo mtupu! Katika nyumba hii asiyekuwepo ndiye mwenye vyote, na aliyepo anaambiwa afunge mlango akitoka.

Sasa nije kwenye mtandao. Unakumbuka likizo ile ulipokuja na begi limejaa waya, ukatoboa kuta siku mbili nzima, vumbi likanyesha juu ya shela la mteja wangu aliyekuwa anaolewa Jumamosi? Ulisema mawimbi hayapiti kwenye mawe haya, dawa ni waya. Ukaacha modemu sebuleni, ukapitisha waya juu ya korido mpaka chumbani kwa mama, na pale ukutani, kando ya meza yake, ukapigilia kile kisanduku cheusi chenye matundu, mnachokiita swichi. Kutoka hapo waya mmoja ukashuka kwenye kompyuta ya mama, mwingine ukapenya ukuta ukaja kwangu kwenye cherehani.

Mimi niliomba kisanduku kikae kwangu, maana mimi ndiye mwenye macho na mikono. Ukakataa. Ukasema kikae kwa mama, "kwa mama hakitaguswa." Naomba uyakumbuke maneno hayo utakapofika mbele katika barua hii.

Na mama alivyokifurahia kile kisanduku! Alikitazama, akakipangusa kwa upindo wa nguo yake, akasema, "Hii si bodi hii?" Tulicheka sana. Mtu amekaa miaka mbele ya bodi ya simu, na vifaa vya kusikilizia kichwani, anachomeka huyu, anachomoa yule, zama zile simu hazijajifunza kujipiga zenyewe, ungemwambia nini? Akakutaka umwonyeshe kila waya ni wa nani, na wewe ukamwonyesha kwa maringo: huu unaingia kutoka sebuleni, ukifa huu nyumba nzima imekufa; huu ni wako; huu ni wa dada. Mama akarudia yote kama mwanafunzi. Tungejua, mdogo wangu, tungelia.

Ukamwekea pia picha zetu mbili kwenye kioo cha kompyuta, yako juu, yangu chini, abonyeze anayemtaka. Yako nadhani imeshaanza kuchakaa. Yangu haijawahi kubonyezwa hata mara moja. Ibonyezwe ya nini, nami nipo ukuta wa pili?

Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri. Kisha ukaingia ule ugonjwa. Mnaongea weee, mnacheka, ghafla kimya. Baada ya muda mfupi mtandao unarudi wenyewe, umenyooka, kama hakuna kilichotokea. Nilifanya yote uliyonifundisha. Nilizima modemu, nikasubiri, nikawasha. Nilibana plagi, nikaangalia kile kijino cha plastiki kama kimevunjika, nikapuliza matundu mpaka kichwa kikaniuma. Wiki nzima mtandao mzima wa afya, siku yako unazirai. Na ukizirai kwako unazirai na kwangu. Siku moja nilikuwa namwonyesha mteja mikono ya koti, akagandia pale kwenye kioo kinywa wazi, na hakunipigia tena mpaka leo.

Halafu ukaniletea ule ujumbe: "Dada, mbona laini inakufa nikiwa na mama tu? Hakuna mtu anayechezea waya?" Loo! "Mtu"! Nyumba ina watu wawili, mmoja ana magoti, huyo "mtu" ni nani kama si mimi? Ungeniandika jina tu tukajua moja.

Na mama mdogo naye, unaujua mdomo wa mama mdogo, alikuja hapa akala, akashiba, akaniambia mbele ya wateja kuwa kijicho kimenishika, kwamba nachomoa waya ili mama asikuone. Alisema huku anacheka, kama wanavyosema watu jambo wanalolimaanisha. Nami nikacheka. Alipoondoka nilikata mkono wa blauzi ya mtu upande usio wake.

Nikwambie kilichoniuma zaidi? Ule waya nimewahi kuutamani. Jumapili nyingine nafagia korido, navisikia vile vicheko, nautazama unavyopita juu ya kichwa changu, nasema moyoni, nikiuvuta kidogo tu nani atajua? Haki ya Mungu sikuuvuta. Lakini kusingiziwa jambo ulilolitamani ukajizuia, uchungu wake hauna mfano.

Ukaja ujumbe wa pili: "Kama mtandao umeshindikana, bora mama aje akae huku nasi. Nimeshaanza kushughulikia safari yake." Niliusoma mguu uko kwenye cherehani, nikaishona ncha ya kidole changu. Nikaenda kwa mama kidole kinavuja, nikamuuliza, mama, unakwenda? Akaniambia, "Tutaona." Sasa mimi mama anaponikatalia hunikatalia hapo hapo, bila hata kuinua kichwa. Nilipoisikia "tutaona" nilijua amekubali.

Basi usiku haukuwa usiku wala mchana mchana. Mama akiondoka nabaki na nani? Na kuta na cherehani. Nitamgombeza nani kuhusu redio? Nikaona sina njia ila moja: mtandao upone, ukose sababu ya kumchukua. Umeona mambo? Mimi, mwenye wivu na ile laini kuliko mtu yeyote duniani, ndiye niliyevaa kibwebwe kuitengeneza. Nikawa namlainishia mwizi barabara ili asije kuiba.

Kwanza nilimwita fundi wa mtaa wa pili, yule tunayemwita Uhakika, kwa sababu kila neno lake linaanza na uhakika na linaishia kwenye kosa. Uhakika ni panya, akasema, wamekula waya kwenye dari. Akapanda, akashuka na utando wa buibui kichwani, panya hakuna. Uhakika ni plagi. Akakata plagi zote akafunga mpya, akapima waya kwa kile kidude chake chenye taa, taa zikawaka zote kwa mpangilio. Akaondoka kifua mbele. Jumatano ukapiga, ingawa si siku yako, laini ikafa, na safari hii ilikufa na haikufufuka. Nyumba nzima bila mtandao, taa za kisanduku zikipepesa zote kwa pamoja kama zina kichaa.

Uhakika akarudi asubuhi yake, na hapo angalau aliona kitu. Kulikuwa na waya mfupi wa ziada ulioachwa na wewe unaning'inia kwenye kisanduku. Ncha zake zote mbili zilikuwa zimechomekwa humo humo. Akanieleza kwamba ukifanya hivyo maneno yanatoka tundu hili yanaingia tundu lile, yanazunguka, yanajijibu yenyewe, mpaka hakuna nafasi ya neno jingine kupita. Akauchomoa, mtandao ukarudi. Kisha akanigeukia: "Uhakika ni wewe, dada. Wakati wa kufagia." Nikaapa, nikaita mbingu na ardhi. Mama alikuwa hapo hapo kitini kwake anachambua mboga. Akageuza uso akaangalia dirishani, kama kuna mtu anapita, na hapakuwa na mtu.

Nilikasirika nikaamua kuacha habari za mafundi nifanye kama ninavyofanya kwenye kazi yangu. Uzi ukikatika kila mara, mshonaji halaumu kitambaa. Anaanza kwenye kibiringo, anaufuata uzi tundu kwa tundu, ndoano kwa ndoano, mpaka kwenye sindano. Mahali fulani njiani ndipo unapokatikia. Nikaubadilisha waya wa mama na wangu. Laini ikakatika, kwake na kwangu. Nikaihamisha kompyuta yake nikaleta yangu. Ikakatika vile vile. Kwa hiyo waya hauna kosa na kompyuta haina kosa. Nilibakiwa na sehemu moja ambayo sijawahi kuiona ikifanya kazi, kwa sababu kila inapofanya kazi mlango unafungwa.

Jumapili iliyopita ulipopiga, mlango ukafungwa, mimi nikaenda kusimama sebuleni mbele ya modemu. Pale kuna taa mbili zenye maana. Moja ni ya intaneti inayotoka nje, nyingine ni ya waya unaokwenda chumbani kwa mama. Nikajiambia, ikizimika ya kwanza tatizo ni la kampuni, ikizimika ya pili tatizo liko ndani ya kuta zetu. Pini zangu mdomoni, mkasi shingoni, macho kwenye taa. Kicheko cha puani kikaja, nikameza wivu wangu. Kikohozi kikafuata. Kisha nikaisikia sauti yako imeshuka, ile sauti yako ya kubembeleza uliyoombea baiskeli ulipokuwa mdogo, na neno nililolisikia ni "tiketi". Mara taa ya pili, pap, ikazimika. Ya kwanza inawaka kijani, haina habari.

Nilipita korido kama mbuzi aliyefunguliwa, nikafungua mlango bila kubisha. Mama ameketi wima ndani ya gauni lake la bluu, miwani kwenye ncha ya pua, mkono mmoja juu kwenye kisanduku, na mkononi ameshika waya wa sebuleni, plagi inaning'inia. Wala hakushtuka. Alikuwa anaiambia picha yako iliyogandia kwenye kioo, kwa sauti ambayo sijaisikia tangu nikiwa na meno ya utoto: "Samahani, mpigaji. Laini imekatika. Tafadhali jaribu tena baadaye."

Kikulacho ki nguoni mwako, walisema. Na nguo yenyewe niliishona mimi!

Nikamwambia, mama, kumbe ni wewe? Akaurudisha waya kwenye tundu lake, tak, bila kuangalia, kwa mkono wa mtu aliyeifanya kazi hiyo ujana wake wote. Akasema mpigaji akimbana mteja, opareta anajua la kufanya. Nikamwambia na Jumatano ile je, ncha mbili kwenye kisanduku kimoja? Hapo akaona haya kidogo. Alikuwa amevua miwani, akashika waya usio wake. "Hata bodini ilinitokea," akasema, "siku nikiwa na hasira."

Nikamuuliza kwa nini alinyamaza nilipolaumiwa na Uhakika. Akasema, "Hapo nilikukosea." Basi, hivyo tu. Mama kuniambia hivyo mimi!

Sasa sikiliza, mdogo wangu, maana hili ndilo lililonifanya ninunue karatasi. Mama hataki kuja. Anataka kitanda chake, dirisha lake, redio yake ya kugombana nayo. Anasema anataka kuzeekea mahali ambapo akiamka gizani mkono wake unaijua swichi ya taa ilipo. Lakini kila unapomwomba, na kumbe ulianza kumwomba nyuma ya mlango kabla hujaniandikia mimi, anashindwa kukwambia. Aliniambia hivi, neno kwa neno: "Nimwambie nini? Tangu azaliwe sijamwambia hapana. Nianze leo?" Na ni kweli, mimi ni shahidi, ile baiskeli niliiona ikiingia ndani.

Nikalipuka. Nikamwambia, na mimi je? Mimi hapana zako nimekula toka utotoni, asubuhi, mchana na jioni! Mama akanitazama kwa utulivu. "Hapana huambiwa mtu ambaye kesho utaamka naye," akasema. "Wewe ukinuna, jioni utakuja kula umenuna. Yeye akinuna nitamtafuta wapi?"

Ningekuwa mtu mwenye akili ningetosheka na hapo. Lakini wivu hauna adabu. Nikamuuliza habari ya gauni. Kwa nini hujawahi kulivaa mbele yangu? Akanijibu, "Wewe unakuja kwangu na pini mdomoni. Nimvalie nani, pini?" Akasema wewe uko mbali lakini ukija unakaa. Unamuuliza ameota nini. Mimi namuuliza kama amekunywa dawa, na kabla hajajibu nimeshatoka. Nilitaka kumjibu, mdogo wangu, nilikuwa na jibu kali kabisa. Ila ilibidi kwanza nizitoe zile pini mdomoni, na nilipomaliza kuzitoa jibu lilikuwa limeshaondoka.

Mwisho akaniambia, "Mwandikie wewe. Wewe unajua kusema." Unaona? Hata hapana yako ya kwanza katika maisha yako, hawezi kukupa kwa mkono wake, inabidi niibebe mimi. Basi ipokee kwa mikono miwili: hapana. Mama haji. Simamisha hiyo safari.

Usimpigie kumbembeleza, atachomoa. Umeona Jumatano hii laini ilivyokuwa safi mwanzo mpaka mwisho? Ni kwa sababu ulizungumza habari za watoto na mvua tu. Waya mzima, plagi mpya, modemu haina neno. Ukiacha swali lile, mtandao wa nyumba hii haukatiki. Na mimi nisafishe jina kwa mama mdogo, umpigie leo leo, na uongee kwa sauti kubwa ili na jirani yake asikie.

Usije ukadhani hakupendi. Roho inaniuma kuandika hili lakini nitaliandika. Jumapili ile baada ya kukukata hakuinuka pale kitini. Aliinyoosha kola, akaweka mikono mapajani, akakitazama kioo mpaka ulipopiga tena. Na ulipotokea akasema, "Baba'ngu, laini hizi!" Nilitamani kumtia kibao mmoja wenu, sijui yupi.

Kwa hiyo njoo wewe. Njoo na wifi na watoto likizo ijayo, mkae, mama aamke nanyi siku nyingi mfululizo, uone kama hutaambiwa hapana. Utaambiwa mpaka uombe maji. Nitakuwa nimeketi pembeni nashona, nafurahi.

Nisalimie wifi yangu sana, mwambie ile sketi aliyoniagiza ipo tayari, imebaki pindo. Wasalimie wanangu wote watatu, wa kwanza mwambie shangazi anangoja picha yake ya shule, wa kati mpeni maji ya moto, mdogo mpige busu kwenye shavu lenye shimo. Mama mdogo anakusalimu, japo hastahili kubebewa salamu. Uhakika naye anakusalimu, anasema uhakika ni kisanduku kibovu, ununue kingine. Mungu awalinde mlalapo na mwamkapo, awape riziki ya halali na akuweke uione nyumba hii tena mama akiwa amesimama kwa miguu yake.

Nilikuwa naweka sahihi hapa, kompyuta yangu ikalia. Nikadhani mteja. Kumbe ni mama! Yuko ukuta wa pili, tungeweza kuongea kwa kugonga. Ameibonyeza ile picha ya chini. Amevaa gauni la bluu, kola imekaa vizuri, sikujua kama imekaa vizuri hivyo. Anasema kwa ile sauti yake ya bodini, "Hapa opareta. Kuna mtu anataka kuongea na wewe. Una nafasi?"

Nimezitema pini. Nimemwambia asubiri kidogo, nibadilishe blauzi.

Saa kumi inakaribia, najua na wewe uko mbioni kupiga. Barua hii haitakuwahi leo, lakini Jumapili nyingine ukikuta laini ina mtu usiseme mtandao mbovu, na usimlaumu yeyote. Kaa kitini, nyoosha kola yako, usubiri zamu.

Wako akupendaye, hata akinuna,

Dada.